Mchoro wa Sehemu ya Tano

Mwanamke aliyenivunja mfupa wa bega alinipiga kwa kigingi nilichokuwa nimekipaka rangi mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Watu wengi wameniuliza kama nilimshtaki, na nikiwajibu kwamba sikumshtaki wanadhani niliogopa. Sikuogopa. Nilijua kilichomfanya anipige.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchora mito. Kabla ya hapo nilichora mabango: vichwa vya watu kwa vinyozi, ng'ombe kwa wenye bucha, mkate na maziwa kwenye kuta za vioski, kuanzia Makina mpaka Kambi Muru, huko Kibera, ambako mimi na mama tulipanga chumba kimoja tangu tulipokuja kutoka Mkoa wa Magharibi. Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nikimalizia samaki kwenye ukuta wa hoteli, mama mmoja mwenye gambuti za mpira miguuni akasimama chini, akatazama, akasema, "Huyo samaki wako ana pezi moja zaidi." Nilishuka kwa hasira nikamuuliza yeye anajuaje. Akanieleza, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshapanda tena kulifuta lile pezi.

Alikuwa mtaalamu wa samaki. Tulimwita Daktari, jina lililotuletea taabu, maana kila tuliposhuka mtoni watu walituletea watoto wenye kikohozi. Alitaka kujua ni samaki gani wa asili waliobaki katika vijito vya Nairobi, na kila baada ya miezi mitatu arudi palepale awahesabu tena. Ili arudi palepale alihitaji mtu wa kupachora. Tulichagua sehemu sita, kila moja ya mita mia moja. Tatu zilikuwa chini ya Soweto West na vijiji vya jirani vya Kibera, na tatu kwenye kijito cha Kawangware. Mwanzo na mwisho wa kila sehemu tulipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Kila mita kumi nilipima upana wa maji kwa tepu na kina kwa fimbo yenye alama. Kasi niliipima kwa kutupa chungwa majini na kulifuata kwa saa. Niliandika chini kuna nini, mawe au changarawe au tope. Wapi maji yametuama yakawa kidimbwi, wapi yanakimbia juu ya mawe, wapi kuna kivuli cha samaki kujificha. Na kwenye pembe ya fomu palikuwa na nafasi ya kuandika shughuli za watu ukingoni. Hapo Daktari alikuwa mkali.

"Andika unachokiona," alikuwa akisema. "Usiongeze unachodhani, na usiache kitu."

Mtu wetu wa tatu alikuwa mzee wa nyavu. Alikuwa amekulia ziwani, sasa amepanga Soweto West, na alizungumza na samaki kwa Kijaluo wakati anawatoa kwenye matundu ya wavu. Wale wadogo wa rangi ya fedha aliwaita adel. Daktari alimwambia si haohao wa kwao. "Basi ni binamu zake," akajibu, na ikawa hivyo.

Siku ya tatu ya kazi tulikuwa sehemu ya pili, Kibera. Ilikuwa asubuhi, tepu imevuka kutoka ukingo hadi ukingo, mzee ameshika ncha ya upande wa pili. Ndipo tukasikia "Mwizi!" Kijana mmoja aliteremka mbio kwenye ule mteremko wa takataka, akaingia majini, akajikwaa kwenye tepu yetu, akaanguka, akasimama. Maji yalimfika magotini. Hakuwa na kitu mkononi. Alinitazama mimi.

"Siste, nisaidie."

Jiwe la kwanza lilimpata shingoni. Mzee wa nyavu alipiga kelele, "Mwacheni! Mpelekeni kwa askari!" na yeye akapigwa jiwe la mgongo akakaa chini kwenye tope. Waliyaokota mawe mlemle mtoni, mawe niliyokuwa nimeyaandika nusu saa kabla: makubwa, ya duara, yenye ukoga. Sauti ya jiwe juu ya mtu aliyelowa maji si kama ya jiwe juu ya kitu kingine chochote. Mambo yalikwisha upesi. Mwanamume mmoja aliinama kunawa mikono karibu na miguu yangu, akaniambia kwa adabu kabisa, "Siste, endeleeni na kazi. Sisi tumemaliza."

Daktari aliposhuka kutoka barabarani alimkuta kijana amelala kifudifudi kwenye kidimbwi na mimi bado nimeshika tepu. Alimfunika kwa koti lake la mvua. Kisha akaja, akanipa penseli iliyokuwa imeanguka.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

Niliandika: mita ya arobaini na mbili, kidimbwi, mtu ameuawa kwa mawe. Mwandiko ulitoka safi kama kawaida, na hilo lilinishangaza. Nilianza kuamini kwamba mwenye penseli yuko kando, kwamba mambo yanapita mbele yake bila kumgusa, na kwamba kinachoandikwa vizuri hakiwezi kumdhuru mtu.

Kawangware palikuwa na maji mazuri kidogo. Sehemu ya tano ilikuwa na chemchemi upande wa kulia, mkuyu mmoja mkubwa penye mita ya sitini, na chini ya mizizi yake kidimbwi kirefu cha kufika kifuani. Kwenye ukingo palikuwa na nyumba kumi na mbili za udongo na mabati. Mbele ya ile ya kwanza palikuwa na mapipa manne juu ya moto na bomba la shaba limepitishwa kwenye maji baridi. Hapo palipikwa chang'aa, pombe haramu. Mwenye mapipa alitupokea akiwa na panga.

"Nyinyi ni makarao?"

"Hapana, mathe," nikasema. "Sisi si polisi, tunapima samaki."

"Samaki? Hapa?" Alicheka, lakini panga hakuliweka chini. "Mimi nachota hii maji miaka nane. Samaki gani?"

Mzee wa nyavu hakubishana naye. Aliingia kwenye kidimbwi, akavuta wavu mara moja, akamletea ndoo. Walikuwa tisa, wadogo kama kidole, kila mmoja na madoa matatu meusi ubavuni. Yule mama alitazama muda mrefu. Akaweka panga kwenye nyasi, akachovya kidole ndani ya ndoo, na mmoja akamgusa.

"Kumbe mko hapa na mmenyamaza tu," akawaambia.

Kuanzia siku hiyo alitukubali, ila vigingi hakuvipenda. Alivizunguka, akavitikisa kwa mguu.

"Hizi ni za nini? Kule nilikaa kwanza watu walikuja na vigingi kama hizi. Mwezi haikuisha tukabomolewa."

"Hizi ni za samaki, mathe. Ni tujue tu tulipima kutoka wapi mpaka wapi."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Nilichora sehemu ya tano vizuri kuliko zote. Nilichora mkuyu na mizizi yake, njia ya kushukia maji, choo, matete, na zile nyumba zote kumi na mbili, kila moja na mlango wake. Mara ya pili tuliporudi, yule mama alituambia amehamisha mahali pa kumwaga machicha ya pombe, sasa anayamwaga chini ya kigingi cha mwisho ili wale wadogo wasilewe. Tulihesabu ishirini na sita. Alisimama nyuma yangu akitazama mchoro.

"Na nyumba yangu iko wapi?"

Nilimwonyesha.

"Andika ni yangu."

Niliandika kwa wino: nyumba ya mama wa kidimbwi.

Mtu ambaye baadaye nilimwita bwana wa ploti alikuja mara yetu ya tatu. Daktari alikuwa amepanda barabarani kutafuta simu, mzee anasuuza nyavu. Alikuwa amevaa suti na viatu safi, akashuka njia ile ya tope bila kulalamika. Alinisalimia, akauliza habari za kazi, akasema yeye ni jirani wa upande wa juu na anapenda sana mazingira, anataka kupanda miti ukingoni. Akaomba kuona mchoro. Aliushika kwa mikono miwili. "Huu ni mkono wa msomi," akasema. "Hata wapimaji wa ofisini hawachori hivi."

Hakuna mtu aliyekuwa amenisifu hivyo. Wenye bucha walikuwa wakiniambia tu niongeze rangi nyekundu kwenye nyama.

"Naweza kupata kopi?" akauliza. "Nijue miti niipande wapi."

Nyumbani nilikuwa na nakala niliyoitoa kwa karatasi ya kaboni. Siku iliyofuata nilimpelekea Dagoretti Corner, kwenye hoteli aliyonielekeza. Alininunulia chai na maandazi. Daktari sikumwambia. Sikuona kama kuna jambo la kumwambia.

Miezi mitatu baadaye tulishuka tena Kawangware asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Harufu ilitupata kabla hatujaona kitu: majani mabichi yanayoungua, plastiki, na pombe. Kisha tukasikia mabati yanavyong'olewa misumari.

Walikuwa wanaume kama thelathini, wote na gambuti mpya za aina moja, wana marungu, nyundo na mapanga. Mmoja alikuwa amesimama chini ya mkuyu akishika karatasi na kuonyesha kwa rungu. "Kutoka kigingi mpaka kigingi!" alikuwa akipiga kelele. "Kigingi mpaka kigingi, msiache kitu!" Niliitambua ile karatasi kutoka mbali. Mtu huitambua kazi yake hata akiiona imepinduliwa.

Nyumba sita zilikuwa zimeshalala. Watu walikuwa wanatoka wamebeba magodoro na watoto, na waliochelewa walipigwa wakiwa na mizigo kichwani. Mwanamke mmoja alipigwa rungu la mikono, sufuria ikaanguka, akainama kuiokota, akapigwa tena. Jirani wa mama wa kidimbwi, mlinzi aliyekuwa ametoka zamu na bado amevaa koti lake la kazi, alisimama mlangoni akasema mke wake amejifungua juzi, wampe dakika tano. Walimpiga kichwani mara moja. Alirudi nyuma hatua tatu, nne, kama mtu aliyesahau kitu, akaanguka pale maji yanapokimbia juu ya mawe, na maji yakaanza kupita na damu. Hakuinuka tena.

Mama wa kidimbwi alipigana. Alimkata mmoja mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani, nikaona nyama ikifunguka nyeupe kabla damu haijaja. Wanne wakamwangusha. Wakampiga miguu, mgongo, kisha wawili wakalishika kwa magunia pipa lililokuwa linachemka, wakalisukuma. Lilimwagika juu ya mapaja yake. Mlio alioutoa sijausikia tena kwa mtu, na sitaki.

Mzee wa nyavu alikuwa amenishika kiuno nisiende. Daktari alikuwa anapiga kelele akitaka kujua nani amewatuma, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Walipomaliza walipanda juu kwa mstari kama watu waliotoka shambani. Yule wa karatasi alinipita karibu. Kwenye mchoro wangu kulikuwa na mstari mwekundu kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho, na neno ploti katikati.

Nilikimbilia kwa mama wa kidimbwi. Nilitaka kumwagia maji miguuni. Alikuwa ameshajiinua, ngozi inaning'inia chini ya gauni, na macho yake yalikuwa kwangu. Wote waliobaki walikuwa wananitazama. Nilikuwa na gambuti, tepu mkononi, penseli sikioni.

"Ulisema ni za samaki," akasema.

"Mathe, sikujua—"

"Uliapa."

Aling'oa kigingi kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilinipata begani, nikasikia mfupa ukikatika ndani ya sikio langu mwenyewe. La pili lilinipata mdomoni. Nilianguka, na wengine wakaja. Walinipiga mateke, mtu akanipiga na mguu wa kiti, mtu akanishika nywele akanikandamiza uso kwenye tope mpaka nikalimeza. Nilikuwa nasikia sauti za wanawake zikisema, "Ni huyu. Ni huyu ndiye alichora." Nilimfikiria yule kijana wa sehemu ya pili. Nilielewa alichokiona aliponitazama: mtu aliyesimama kando na kitu cha kupimia.

Kisha uzito ukaniangukia mgongoni. Alikuwa mzee wa nyavu, amenilalia, ameweka mikono yake juu ya kichwa changu. Vidole vyake vilivunjwa juu ya kisogo changu, vinne. Nilivisikia kimoja kimoja. Hakuacha kusema, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili tena, "Ni mtoto, ni mtoto huyu." Daktari aliwaingilia na ndoo ya bati, akawa anapiga yeyote aliyemfikia. Sidhani yeye ndiye aliyewazuia. Mama wa kidimbwi aliishiwa na miguu akaanguka, akaanza kulia kwa maumivu, na watu wakamwendea yeye.

Hospitalini nililala wiki tatu, bega limefungwa, meno mawili ya mbele hayapo. Siku ya nne nilimwambia Daktari habari ya kopi.

"Ulimpa wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alinisifu."

Alisimama akatoka bila kuaga, nikajua kazi imekwisha. Juma lililofuata alirudi na daftari letu la asili ndani ya mfuko wa plastiki. Wapangaji wa zile nyumba walikuwa wameenda kortini kumzuia bwana wa ploti asijenge, na yeye alikuwa amedai kwamba uwanja ule ulikuwa mtupu, kwamba hapakuwa na mtu aliyewahi kuishi pale, na kwamba vigingi vilipigiliwa na wapimaji wa halali. Kama ushahidi alitoa mchoro. Nyumba kumi na mbili alikuwa amezifuta kwa ile dawa nyeupe ya kufutia makosa.

"Wewe ndiye uliyechora," Daktari akasema. "Uende ukaseme ulichokiona."

Habari hufika mbali. Siku mbili kabla ya kesi nilikuwa natembea kando ya reli, Kibera, saa nane mchana, watu wanapita. Wanaume wawili wakanishika mkono mmoja huku, mwingine kule, kama marafiki.

"Wewe ndio msanii?" mmoja akauliza. "Tuonyeshe mkono wa kuchora."

Alinifungua kiganja cha kulia akapitisha kisu katikati, polepole, kama mtu anayepiga mstari kwa rula. "Ukienda huko, tutachora yote," akasema. Wakaenda zao. Niliingia kioski cha karibu, mwenye kioski akanifunga kwa karatasi ya kufungia nyama. Sukuma wiki, mboga aliyokuwa anakata, ilikuwa juu ya meza, damu yangu ikaidondokea, akaitupa bila kusema neno.

Nilienda. Ningependa kusema nilikuwa shujaa, lakini usiku nilisukuma meza ikaziba mlango, na asubuhi mama yangu ndiye aliyenivalisha. Wakili wa bwana wa ploti aliniuliza kama mimi ni mpimaji. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimesomea uchoraji. Nikasema nachora mabango. Watu wakacheka. Akaniuliza basi korti iniamini kwa nini. Nilifungua daftari kwa mkono wa kushoto nikaeleza sehemu ya tano kuanzia mita sifuri: maji upana gani, kina gani, mkuyu uko wapi, na kila nyumba iko hatua ngapi kutoka majini, na nani alikuwa anaishi ndani. Nilipofika nyumba ya saba, ya yule mlinzi, niliweka daftari chini, wakanisubiri mpaka nilipolishika tena. Kisha nikaulizwa ni nani aliyempa bwana huyu nakala. Nikasema ni mimi. Nikasema bila kuangalia upande waliokaa wapangaji.

Korti ilimzuia asijenge. Hakufungwa. Aliyemuua yule mlinzi hakupatikana, na sijui kama alitafutwa. Mjane wake alirudi kwao na mtoto, akiwa hajamaliza arobaini ya uzazi. Nyumba saba kati ya kumi na mbili zilisimamishwa tena kwa mabati yaliyokunjika.

Mzee wa nyavu hakuweza tena kushika kamba. Vidole viliunga vibaya, vikabaki vimejikunja. Nilipokwenda kumuaga kabla hajarudi ziwani nilijaribu kumshukuru, nikashindwa kuanza, akanikatiza kuniuliza kama nimeshatengeneza meno.

Mama wa kidimbwi nilionana naye kwenye korido ya korti, siku ya uamuzi. Alikuwa anatembea kwa fimbo, gauni refu mpaka chini.

"Bega imeshika?" akauliza.

"Imeshika. Na miguu?"

"Inauma kukiwa baridi." Alitazama kiganja changu kilichofungwa. "Watu wa huyo bwana ndio walikufanya hivyo?"

"Ndio."

Alitikisa kichwa akaenda kukaa na wenzake.

Mwaka uliofuata Daktari alitaka sehemu ya tano ihesabiwe tena. Mara mbili za kwanza, alipokwenda peke yake, wavu ulitoka na majivu na misumari tu, bila samaki. Nilipoweza kufanya kazi Daktari alinipokea tena, nikashuka mwenyewe, bila vigingi na bila daftari, nikamwomba mama wa kidimbwi ruhusa ya kuchora upya. Hakukasirika. Aliniambia ningoje, akapanda kuuliza wenzake. Nilikaa juu ya mzizi karibu saa nzima. Nilisikia wakijadiliana nyuma ya mabati, sauti ikipanda na kushuka, mara jina la yule mlinzi. Kisha alirudi akasimama mbali kidogo.

"Wamekataa," akasema. "Na mimi pia nimekataa."

Nilimwambia nimeelewa. Daktari aliifuta sehemu ya tano kwenye orodha, akachagua nyingine juu zaidi, upande wa Dagoretti, mahali pasipokuwa na nyumba. Nilipochora huko niliandika kwenye ile nafasi ya pembeni kwamba hakuna mtu ukingoni, na kabla ya kutia sahihi nilizunguka mara mbili kuhakikisha.